Kompyuta ya Kushonesha

Mteja anayeingia kwenye chumba cha ushonaji kwa mara ya kwanza hutazama magauni yaliyotundikwa ukutani, kisha cherehani, kisha mwenye cherehani. Lakini akikaa kidogo kungoja zamu yake, macho humtua kwenye vidole gumba vya fundi. Havitulii. Mtu anaeleza anavyotaka mkono wa gauni upanuke begani, fundi anaitikia kwa adabu, na huku kidole gumba cha kushoto kinazunguka polepole kama kinachokoroga kitu, cha kulia kinabonya hewa. Wapo waliodhani ni ugonjwa. Mama mmoja mwenye huruma aliwahi kumletea mafuta ya kuchua.

"Asante, mama," fundi alisema, akayapokea kwa mikono miwili. Angemwelezaje kwamba vidole vyake vinapanda mlima?

Mlima wenyewe ulikuwa ndani ya gemu. Yeye na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa mama yao, waliukuta kwenye mashine kuukuu waliyoachiwa na mjomba: watu wawili waliofungwa kamba moja, mlima mrefu, theluji tupu. Mmoja akipanda, mwenzake lazima asimame imara na kuishika kamba. Akizembea, wote chini. Walicheza miaka yao yote ya shule, bega kwa bega sakafuni, vidole gumba juu ya vitufe, wakianguka na kulaumiana, wala kileleni hawakufika. Mashine ilikufa kwanza. Kisha mdogo mtu akakua, akapata kazi ya ghalani katika nchi ya mbali yenye baridi, akaondoka na begi aliloshonewa na dada yake.

Kupiga simu alikuwa anapiga, hilo halina ubishi. Hamjambo? Hatujambo. Mama anaendeleaje? Anaendelea vizuri. Umekula? Nimekula. Baada ya hapo kimya huingia katikati yao kama mgeni asiyejua kuaga, mpaka mmoja wao aseme haya, tutaongea. Fundi alikuwa akibaki na simu mkononi, akijiuliza ni nini kimewapata. Zamani kijana huyu alikuwa hafichi neno. Msichana aliyemkataa, mtihani uliomtisha, jino lililomuuma akaogopa kusema, yote aliyamwaga pale sakafuni, macho yakiwa kwenye kamba. Siri zote za mdogo wake fundi alizipata wakiwa wanatazama mbele, mikono ina kazi. Simu haikuwapa mikono kazi.

Ndipo siku moja simu ikalia, na sauti ikawa ile ya zamani.

"Dada! Mlima wetu umetoka upya!"

"Mlima upi?"

"Mlima upi tena! Ule ule! Safari hii watu wanacheza wakiwa mbalimbali. Wewe huko, mimi huku, kamba ile ile."

"Kwenye simu?"

"Simu haiuwezi. Tafuta kompyuta, ya gemu hasa. Mwisho wa mwezi nina likizo ya wiki. Nikirudi kazini wananiweka zamu za usiku, wewe ukiamka mimi nalala. Ni wiki hiyo tu, Dada. Usiniangushe."

Fundi alicheka mdogo wake aliposema usiniangushe, maana ndilo neno alilokuwa akilipigia kelele utotoni. Kisha akakata simu. Alitaka mlima ule kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote cha dukani.

Kijana wa duka la vipuri vya kompyuta walimwita Waya, kwa sababu hakukosa waya shingoni, kama vile fundi asivyokosa futi. Alimwonyesha kompyuta zilizopangwa rafu nzima, ziko tayari, ni kuchomeka tu umeme.

"Hizi za kutundikwa," fundi alisema. "Mimi ninakula kwa kuwashonea watu nguo za vipimo vyao. Nikinunua ya kutundikwa nitajicheka. Nataka ya kushonesha."

Waya akacheka. "Umefika, dada. Ila anza na kadi ya picha. Hiyo ndiyo inayochora mlima wako. Tukishaijua kadi, tunajua na mengine, kasha mwisho."

Ushauri ulikuwa mzuri, lakini fundi alikuwa amekwisha kuliona kasha. Jeusi, jembamba, ubavu mmoja wa kioo, limesimama kwenye kona kama bibi harusi asiye na haraka. Mapenzi hayana macho. Alilinunua siku hiyo hiyo, akalibeba kwapani hadi nyumbani.

Mama yake alikuwa kibarazani. "Na hilo nalo? Banda la kuku?"

"Kasha la kompyuta, mama."

"Mbona tupu?"

"Vya ndani vinakuja."

"Ehe. Umenunua ganda, yai litafuata." Mama akatikisa kichwa. "Mtu mzima na akili zake, eti gemu."

Wateja walipokwisha siku hiyo, fundi alifanya kama afanyavyo kabla ya kugusa kitambaa cha mtu. Alikuwa amechukua kwa Waya vipimo vya kila kipuri, urefu na upana. Akatandaza karatasi ya kaki kwenye meza ya kukatia, akachora, akakata: pateni ya madabodi, ule ubao mkuu unaobeba vyote, pateni ya memori, pateni ya kadi ya picha. Akazipanga ndani ya kasha na kuzishikiza kwa gundi ya karatasi. Alizisogeza huku na huku kwa upole, kama mtu anayetayarisha chumba cha mgeni wa siku nyingi. Kadi aliyoichagua ilikuwa yenye nguvu kuliko zote dukani, ile ambayo kwenye kioo cha kompyuta ya Waya ilionyesha theluji punje kwa punje. Pateni yake ilikaa sawasawa. Fundi akasimama kuitazama, akamwona mdogo wake akisema, Dada, umeona kule juu?

Walipokutana tena dukani, Waya aliitoa kadi yenyewe kwenye boksi, akaichomeka. Urefu, sawa. Upana, sawa. Akarudisha kioo cha ubavuni. Kioo kikagoma.

"Sukuma kidogo," fundi alisema.

"Nisukume nini? Kadi imetokeza nje! Dada, wewe si ulisema umepima?"

Fundi akatoa pateni kwenye mkoba. Waya alizishika moja moja, akazigeuza, kisha akacheka mpaka akaketi kwenye katoni.

"Dada yangu! Karatasi haina unene! Kadi hii ina tumbo!"

"Kitambaa nacho hakina unene," fundi alijibu kwa sauti ndogo. Kazi yake yote alikata vitu bapa, na tumbo aliletewa na mteja mwenyewe.

Waya aliona uso wake, akaacha kucheka. Akasema hakijaharibika kitu. Kasha atalipokea, wabadilishe na pana. Kadi ile yenye tumbo itaingia bila shida. "Ila ukishaichukua na kasha kubwa, pesa zitakazobaki zinatosha hedifoni hizi tu za kuongea na mwenzako mlimani," akasema, akimpa zilizoning'inia mlangoni.

Fundi akazivaa. Waya akazichomeka kwenye kompyuta ya dukani, akatoka nje na simu, akaipigia, akazungumza akiwa barabarani. Sauti yake ilifika kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya debe.

"Nyingine hakuna?"

"Zipo. Lakini hizo ni mambo mengine." Akashusha boksi kutoka juu, akalipuliza vumbi, akamvalisha. Akatoka tena.

Duka likatoweka. Fundi alisikia viatu vya Waya vikikanyaga kokoto, akasikia akimeza mate kabla ya kusema, hata pumzi yake alipojizuia kucheka. Ilikuwa kama mtu ameketi kando yake, bega kwa bega.

"Unanipata?"

"Usiseme kitu," fundi alimwambia. "Pumua tu."

Waya aliporudi ndani alimkuta bado amezivaa, amefumba macho.

"Nachukua hizi."

"Basi pesa hazitafikia kadi yenye tumbo; iwe nyembamba. Itaingia kwenye kasha lako, sikatai, na gemu itacheza. Lakini mlima utakuwa mlima wa kukisia, nikuambie ukweli. Kila mtu anayekuja hapa anataka kuona."

Fundi aliitazama tena theluji kwenye kioo cha dukani, ikidondoka punje kwa punje. Aliitamani, na hakujidanganya kwamba haitamani. Alikuwa ameiota theluji hiyo siku zote zile za mkasi na kaki.

"Mimi nataka kusikia," alisema.

Kompyuta waliiunga pamoja pale mezani, na kila skrubu fundi aliikaza mwenyewe. Feni zilizunguka mara ya kwanza walipobonyeza, Waya akapiga kofi moja kubwa. Nyumbani gemu ilichukua muda wake kushuka, kwa mtandao wa kubembeleza, na Jumamosi mchana, siku ya kwanza ya likizo ya mdogo wake, mlima ukafunguka.

Mama alikuja kutoka jikoni akifuta mikono. "Huo ndio mlima? Mbona kichuguu?"

"Ndio wenyewe, mama."

Kweli ulikuwa na kona kona, theluji mabonge mabonge. Chini yake walisimama watu wawili. Mmoja alikuwa na koti jekundu; fundi akigusa pedi ya kuchezea anageuka huku na huku. Wa pili alikuwa wa kijivu tangu kofia hadi viatu, ameinamisha kichwa, na kamba imelala kati yao, imelegea.

"Huyu wa kijivu kapatwa na nini?"

"Ndiye yeye. Akiingia, anapata rangi."

Mama alitoka, akarudi na kiti cha jikoni, akakiweka karibu kabisa, akaketi. Baada ya kitambo akanyoosha mkono bila kumtazama binti yake. "Hiyo kitu ya masikioni ina pande mbili. Unazihitaji zote?"

Fundi akaugeuza upande mmoja uelekee kwa mama. Wakabaki hivyo, vichwa vimegusana, wanasikiliza. Ujumbe wa mdogo wake ulikuwa umeshaingia kwenye simu: ameondoka mjini, basi limemshusha, anatembea kwenda nyumbani kwake huko kwenye baridi, asubiriwe. Ndani ya hedifoni upepo wa mlimani ulivuma taratibu. Pindo la koti la kijivu likapepea.

Mama akamkamata mkono. "Huyo! Katikisika!"

"Bado, mama. Ni upepo tu."