Mke Wangu Alipiga Simu, Barua Niliandika Mimi

Admin, naomba ufiche jina langu, maana mke wangu anaufuata ukurasa huu na huwa ananisomea visa vya wengine tukiwa tunakula.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, naishi mtaa wa Nyamugari hapa Gitega, Burundi, na mke wangu na binti yetu mdogo. Nilizaliwa na kusomea kambi ya wakimbizi Tanzania, wazazi wakarudi kwetu Butihinda, huku Burundi, nikiwa kijana. Nina kigugumizi tangu utotoni. Nikiongea na watu niliowazoea kinapungua, lakini nikishika simu kuongea na mtu nisiyemjua, maneno yanakwama kooni.

Miaka miwili iliyopita nilipata kazi kwenye kampuni ndogo inayouza matangi ya maji na pampu. Nilipewa jukumu la kutafuta wateja wapya: hoteli, shule, vituo vya afya. Nilikuwa nawaandikia barua pepe. Naandika vizuri, Kifaransa na Kiswahili, hilo sioni aibu kulisema. Majibu hayakuja. Siku moja patroni, bosi wetu, akaniita, akasema, "Barua zako ni nzuri, lakini nani anazifungua? Mwenye hoteli kule Muyinga anashinda sokoni. Yeye anataka sauti. Piga simu." Akakaa palepale nipige. Nilipofika kwenye jina la kampuni nikakwama, navuta neno halitoki. Mtu wa upande wa pili akasema, "Allô? Allô? Huyu amelewa asubuhi yote hii," akakata. Patroni akatazama chini, akanipa mwezi mmoja niwe nimeleta wateja, la sivyo niondoke.

Nilimsimulia mke wangu. Nitamwita Mama Neema. Ni Mkongomani wa Uvira, alikuwa anauza vitenge sokoni, na sauti yake inamtuliza hata mtu aliyekuja kugombana. Akaniambia, "Papa Neema, simu haiko na meno. We niandikie kwa karatasi vile unataka niseme, mi nitapiga." Ikawa hivyo. Mchana narudi nyumbani na orodha ya namba, yeye anapiga, mimi nimekaa pembeni naandika majibu. Karatasi yangu hata hakuisoma. Anauliza habari za watoto, habari za mvua, mpaka mtu anacheka, ndipo anataja matangi. Wateja wakaanza kuja. Kuna mama mmoja wa Muyinga, mwenye nyumba za wageni, ambaye barua zangu tatu hakuwahi kuzijibu. Mke wangu alimpigia mara moja tu, akakubali matangi ya nyumba zake zote.

Yule mama akaja Gitega kusaini, akasema anataka kumwona "dada wa simu." Patroni akashangaa, ofisini hakuna dada. Nikasema ukweli. Hakunigombeza. Wiki iliyofuata alimwajiri mke wangu, na mimi akaniambia kwa upole, "We ni mtu mzuri, lakini sina kazi ya watu wawili." Mke wangu alilia. "Ukikataa, mi siendi," akasema. Nikamwambia aende.

Tangu hapo mimi ndiye ninayempeleka mtoto shule, napika, nafua. Jioni ananiletea kompyuta nimwandikie barua za wateja na proforma, zile karatasi za bei, kwa sababu kuandika kunamshinda. Neno lake la siri ninalo. Siku moja nilimsikia akiongea na yule mama wa Muyinga, wanacheka, akasema, "Bwana yangu? Yeye iko tu ku nyumba." Hakusema kwa ubaya. Najua hakusema kwa ubaya. Lakini alipokwenda kumuogesha mtoto, nilifungua barua pepe yake nikamwandikia yule mama kwa jina la mke wangu. Niliandika kwamba bei ile ilikuwa ya kumvutia tu, kwamba aongeze au atafute wengine, na kwamba sina muda wa kubembeleza watu wa mikoani. Nikatuma, kisha nikaifuta mke wangu asiione. Nilijiambia huyu mama hafungui barua.

Hii aliifungua.

Alikuwa ameshang'oa matangi ya zamani akisubiri mapya. Akampigia patroni, "Huyo dada wenu kwa simu ni asali, kwa barua ni sumu," akavunja mkataba. Mke wangu aliapa kwamba hakuandika. Mtu mwingine pekee anayegusa kompyuta ile ofisini ni mtunza stoo, mzee mwenye watoto sita, ambaye alikuwa amekosana kidogo na mke wangu juu ya funguo. Patroni akamfukuza siku ileile. Juzi nilimkuta njiani na jembe begani, anakwenda kulima shamba la mtu. Akanisalimia, akauliza Neema anaendeleaje. Nilishindwa kumjibu, na safari hii haikuwa kigugumizi.

Hata mzee kuondoka hakukumaliza mambo. Patroni amemwambia mke wangu kwamba Ijumaa aende Muyinga mwenyewe, amrudishe yule mama, la sivyo na yeye kazi imeisha. Usiku halali vizuri. Ananiuliza mimi, "Nani ananichukia hivi?" Kunishuku mimi hakujawahi kumjia akilini.

Jana aliniwekea karatasi mezani, akakaa karibu yangu, akasema, "Papa Neema, kwa hii sauti yangu haitatosha. We ndiye unajua kuandika. Niandikie barua ya pardon, ya kuomba musamaha, nimupatie mu mukono, asome mbele yangu."

Karatasi iko hapa, sijaandika hata neno. Nikimwambia ukweli, sidhani kama atabaki nami, na sitamlaumu. Nikinyamaza, atakwenda kumpigia magoti mgeni kwa kosa langu, na yule mzee atabaki na sifa ya ubaya ambao hakuutenda. Mara mbili nimefungua mdomo nimwambie, mara mbili akaniambia, "Pole pole, sema tu, niko nakusikia," akidhani ni ulimi. Nikafunga mdomo.

Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, lakini na mnishauri pia. Nimwambie kabla hajapanda gari la Muyinga, au niandike hiyo barua? Nifanye nini?