Mkamuaji wa Kitale aliyejifunza kujiambia anayomwambia ng'ombe

Saa tisa na nusu alasiri, nje kidogo ya mji wa Kitale, Roselyne Nanjala anaingia kwenye kibanda cha kukamulia akiwa na ndoo mkono mmoja na sufuria ya maji ya vuguvugu mkono wa pili. Ng'ombe mweupe aitwaye Chelel anageuza shingo kumtazama.

"Tulia, mayi," Roselyne anamwambia. Mayi ni mama kwa Kibukusu. "Umekula. Umekunywa maji. Hakuna mtu anakukimbiza."

Anaosha kiwele taratibu, anakipangusa kwa kitambaa, anapaka chuchu mafuta. Kisha anatulia tu, kiganja kikiwa ubavuni mwa ng'ombe. Mimi nisiyejua kazi hii nadhani amesahau kinachofuata. Kumbe anangoja maziwa yashuke.

"Ukimharakisha anayashikilia," anasema bila kuinua kichwa. "Utakamua mpaka vidole vife ganzi na hupati kitu. Ng'ombe si mfereji, bana."

Muda si muda ndoo inaanza kuimba. Leo Chelel hana kinyongo. Mwaka jana alimnyima Roselyne maziwa kiasi kwamba mama huyu nusura akose kazi, na wa kulaumiwa hakuwa ng'ombe.

Roselyne ni mzaliwa wa Kabuchai, kaunti ya Bungoma. Mumewe, Sifuna, analima miwa na mahindi huko kwenye kipande chao cha shamba, akiwalea watoto wao wawili wanaosoma. Miwa huchukua muda mrefu kukomaa, na shule haingoji miwa. Ndiyo maana Roselyne amekuwa akikamua ng'ombe wa watu huku kaunti ya Trans-Nzoia kwa miaka mingi.

Shamba alilofanyia kazi mwanzo liliuzwa ghafla. Hakuna mfanyakazi aliyekuwa ameambiwa.

"Tulikuwa tunakamua jioni," anakumbuka. "Gari ikaingia, mtu akashuka, akasema shamba imeuzwa, kesho asione mtu hapa. Ati hata maziwa ya hiyo jioni tuache kwa ndoo. Nililia. Si ju ya pesa. Ni ju hakuna hata mtu alituangalia kwa macho."

Bahati haikumtupa kabisa. Baada ya majuma machache aliajiriwa na Vivian Chepkosgei, mwalimu mstaafu anayefuga ng'ombe wa maziwa. Mshahara ni shilingi elfu kumi na mbili kwa mwezi, chumba cha kulala na maziwa ya chai. Kwa wanaofanya kazi hii, hapo si pabaya hata kidogo.

Lakini hofu ilihamia naye. Gari lolote likisimama langoni, aliacha kukamua akachungulia. Lori la nyasi, daktari wa mifugo, hata mgeni aliyepotea njia, wote aliwaona ni wale wale waliokuja kumfukuza.

"Nilikuwa nalala lakini masikio iko kwa geti," anasema. "Asubuhi nakamua haraka haraka. Na Chelel alijua. Ng'ombe anakujua kushinda bwana yako."

Chelel, aliyekuwa akitoa lita kumi na mbili kila asubuhi, akateremka hadi tano. Daktari wa mifugo aliitwa, akampima, akasema mnyama ni mzima. Mwajiri akamuuliza Roselyne kama kuna shida. Akajibu hakuna.

"Ningemwambia nini? Nikisema silali, si atatafuta mtu mwenye analala?"

Nilipomuuliza Chepkosgei kama hofu hiyo ilikuwa na msingi, alijibu bila kuzungukazunguka. "Nisikudanganye. Nilikuwa nimeanza kuuliza majirani kama kuna mtu mwingine anajua kukamua. Nilikuwa naona taa yake inawaka kila nikiamka, lakini nikafikiri ni simu tu, hawa watu na simu!"

Rafiki yake Roselyne, Phelista, anayeuza sukuma wiki pale njia panda, ndiye aliyekuja na dawa ya kwanza. Alimtumia kwa simu sauti ya bwana mmoja anayefundisha watu kujisemea maneno mema. Mimi ni simba. Mimi ni milionea. Sina hofu. Ilitakiwa uyaseme mbele ya kioo, kwa nguvu, kila asubuhi. Roselyne hana kioo kikubwa, akaamua kuyasemea kazini.

Hapo inabidi aache kukamua kwanza, maana kicheko kimemshika.

"Nikasimama hapa hapa. Nikapiga kelele, mimi ni simba! Chelel akaniangalia. Halafu ndoo akaipiga teke, maziwa yote chini. Sasa niambie, ni ng'ombe gani atakaa na simba?"

Kitandani mambo hayakuwa bora. "Nasema mimi ni milionea. Roho inaniuliza, milionea wa wapi? Basi tunaanza kubishana, mimi na roho yangu, mpaka kunakucha."

Mambo yalibadilika siku ambayo hata hakwenda kujitafutia matibabu. Mtoto wake mdogo alikuwa na homa, akaomba ruhusa, akaenda nyumbani, akampeleka kwenye zahanati moja huko Kimilili. Muuguzi Peris Wepukhulu alimhudumia mtoto, kisha akamtazama mama yake.

"Nilimwambia, mtoto atapona, lakini wewe mama hayo macho yako siyapendi," anasimulia Peris. "Nikamuuliza anafanya kazi gani. Akasema anakamua. Nikamuuliza, na ng'ombe akiogopa unamwambia nini?"

Roselyne alimweleza. Tulia, mayi. Umekula. Hakuna anayekukimbiza.

"Na wewe," muuguzi akauliza, "nani anakuambia hivyo?"

Roselyne anasema alilia hadi mtoto mgonjwa akaanza kumbembeleza yeye.

Ushauri aliorudi nao ulikuwa mwepesi. Aache chai kali ya usiku. Simu ilale mbali na kitanda. Aweke mkono kifuani, ashushe pumzi polepole, na ajisemee kwa sauti ile ile anayotumia kwa ng'ombe. Tena maneno yawe ya kweli.

"Ukijiambia kitu kikubwa ambacho huamini, akili inakataa na hofu inazidi," Peris anaeleza. "Anza na kidogo ambacho roho haiwezi kukuita mwongo." Anaongeza kwamba maneno peke yake hayamtoshi kila mtu. Anayekosa usingizi kwa majuma mengi, au anayewaza kujidhuru, afike hospitalini mapema na asione haya.

Roselyne alirudi Kitale akatunga ya kwake. Nilimwomba aniambie, akaona aibu, akafunika mdomo kwa leso, kisha akayasema akimtazama Chelel badala yangu.

"Umefanya kazi yako. Ng'ombe wamekula. Geti imefungwa. Leo hakuna mtu amekufukuza. Lala, mayi."

Phelista alipoyasikia hakuridhika. Mbona madogo hivyo? Akamshauri aongeze, hapa ni kwangu. Roselyne akakataa katakata.

"Hiyo siwezi. Hapa si kwangu, ni kwa mama Chepkosgei. Nikidanganya hapo tu, usingizi inakimbia."

Juma la kwanza halikuwa na miujiza. Alijisemea na bado akakesha. Aliendelea kwa sababu, anasema, hata ng'ombe mgeni haachilii maziwa siku ya kwanza. Akaanza kupata usingizi wa vipande vipande. Halafu ikaja ile asubuhi.

Alifumbua macho akakuta jua limeshajaa dirishani, na huko nje ng'ombe wanalia. Alitoka mbio bila viatu, kichwa wazi. Kwenye kibanda akamkuta Chepkosgei mwenyewe ameketi kwenye kigoda, jasho likimtoka, ndoo ina maziwa ya kulowesha chini tu.

"Nikasema, basi, yamekwisha. Kazi imeenda. Nikaanza kuomba msamaha hata kabla sijafika. Akaniuliza, ulikuwa unafanya nini? Nikasema, mama, nimelala."

"Umelala?" Chepkosgei akamaka. "Kweli umelala?"

Akaanza kucheka, akainuka, akampisha kwenye kigoda.

"Usiku huo niliamka nikaona kwake giza," mwajiri anasema. "Mara ya kwanza tangu aje! Asubuhi nikasema wacha alale, nitakamua mwenyewe. Lakini Chelel alinidharau, wacha tu."

Siku hiyo Roselyne alimwaga yote, gari la jioni ile, masikio langoni, simba na milionea. Chepkosgei alisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama na ndoo yake karibu tupu.

"Kumbe aliniogopa mimi!" anasema. "Na mimi nilikuwa naenda kwa majirani badala ya kukaa na yeye nimuulize vizuri. Iliniuma."

Tangu hapo wameweka utaratibu wao. Gari likija, Chepkosgei hutangaza kwanza ni nani kabla lango halijafunguliwa. Majirani wamezoea, watoto wao hata humwigiza.

Leo naushuhudia. Pikapu inapiga honi langoni, na sauti ya mwalimu mstaafu inasikika kutoka upande wa nyumba.

"Roselyne! Ni wa mbolea!"

"Sawa, mama!" Roselyne anajibu. Mikono yake haijaacha kukamua. Chelel, aliyerudia lita zake kumi na mbili, anaendelea kutafuna.

Si kwamba hofu imekwisha. Kuna usiku inarudi, hasa mvua ikinyesha sana na asisikie vizuri kinachoendelea nje. Anajisemea tena, mara mbili, mara tatu, hadi pumzi itulie. Kwa kawaida, anasema, hafiki mwisho wa maneno.

Chelel sasa ana mimba. Roselyne na mwajiri wake wamekubaliana kwamba ndama akiwa jike atakuwa wa Roselyne, amlipie polepole kutoka kwa mshahara. Sifuna ameshaanza kusimamisha nguzo za zizi huko Kabuchai.

Na akizaliwa dume?

"Tutangoja mwingine," anajibu, akibeba ndoo yake. "Si umeniona nikingoja?"

Siku atakapompeleka ndama huyo Kabuchai, anasema, atamwambia yale yale anayomwambia Chelel, na atayamalizia na lile alilokataa kujisemea hapa.

"Nitamwambia, tulia, mayi. Umekula. Hakuna mtu atakufukuza." Anasimama kidogo mlangoni mwa kibanda. "Hapa ni kwetu."