Risasi Iliyokuwa Ikitoka Polepole Shingoni mwa Safari

Kuna siku moja, mwanangu, imekataa kunitoka kichwani. Na wewe unayejigamba kwamba hakuna kinachokutisha, keti hapa nikuhadithie. Ilikuwa Durban, mwaka uliofuata Kombe la Dunia. Nilikuwa bado msichana mwenye mdomo mrefu na miguu myepesi, nafanya usafi katika klabu ya kulenga shabaha kule Mobeni, katikati ya viwanda. Mdogo wangu Safari alikuwa mlinzi kwenye yadi ya malori Clairwood. Katika tumbo la mama yetu tulikuwa tumebaki sisi wawili tu.

Asubuhi moja wezi waliingia yadi ile. Mmoja alipiga bastola hewani mara kadhaa kutisha watu, kisha akamwelekezea Safari kifuani na kuvuta. Bastola ikagoma. Akavuta tena, ikagoma vilevile. Akaigonga gonga kwenye goti mpaka silinda, kile kikombe kinachozunguka na kubeba risasi, ikafunguka, risasi zikamwagika chini, wezi wakakimbia. Safari akaokota moja, akaifunga uzi kwenye kitako chake na kuivaa shingoni.

Wewe umezaliwa huku, hujui. Kwetu Fizi, kule tulikozaliwa, watoto hukua wakisikia habari za wapiganaji walionyunyiziwa dawa, kwamba risasi zikiwafikia zinageuka maji. Safari alikuwa ameokoka na hakutaka hata kumsikia mganga, lakini kile alichokifukuza mlangoni kilimrudia dirishani. Kanisani alisimama kutoa ushuhuda, akaiinua risasi yake, akina mama wakapiga vigelegele. Tangu hapo akawa anasimama getini kifua mbele, redio ya kuitia wenzake anaiacha mezani.

"Dada, chuma ilinikataa," aliniambia. "Haiko ingine itanipata."

Mimi ile risasi ilinitia baridi. Kichwa chake, ile ncha inayoruka, kilikuwa kimejitokeza kwenye ganda kupita kawaida, kama ulimi. Na kila Jumapili, nikiketi karibu naye kanisani, niliona kama kimetoka zaidi. Nilijiambia ni macho yangu. Jumapili iliyofuata nikaangalia tena, na kilikuwa kimetoka zaidi.

Klabuni kulikuwa na mzee wa Kihindi tuliyemwita Uncle Siva, maana Durban mzee wa namna ile haitwi jina tupu. Alikuwa na kibali cha kujitengenezea risasi za bastola yake mwenyewe, na kazi hiyo aliifanya kimya, utadhani anasali. Mchana mmoja Safari alikuja kunichukua, na Uncle Siva akaona kile kitu shingoni. Akanyoosha mkono. Alikisukuma kichwa cha risasi kwa kidole gumba, kikazama ndani ya ganda. Akakivuta, kikarudi nje. Uso wake ulibadilika.

Nikawa mkalimani. Alisema aliyetengeneza risasi hii ni mzembe. Kichwa hukalishwa kwa kipimo: kikizama mno, baruti inabanwa na bastola inaweza kukupasukia mkononi. Kisha mdomo wa ganda hubanwa uking'ate kichwa sawasawa. Usipobanwa, kila risasi inayopigwa huitikisa bastola, na zile zinazongoja zamu hutoka kidogo kidogo magandani, mpaka moja inachomoza na kuizuia silinda isizunguke. Ndicho kilichomponya Safari.

Safari akacheka. Basi Uncle Siva akachukua risasi ambayo hakuibana mdomo, akaichora mstari mwekundu pale kichwa kinapoingia gandani, akaitia kwenye silinda pamoja na nyingine. Akapiga zile nyingine, hiyo akaiacha, akaitoa na kuiweka mezani. Mstari ulikuwa umehama. Hakuna aliyeigusa, mwanangu, ilikuwa imejifungia mle ndani peke yake, na ilikuwa imetembea.

Lakini Safari hakukosa neno. "Uncle, na nani alimulegeza mukono ule fundi, asibane muzuri?"

Nilimtafsiria mzee. Akasema, "Hilo muulize Mungu wako. Mimi najua tu kwamba fundi mwingine atabana."

Akamwambia kitu kile ni hatari na kipelekwe polisi siku hiyohiyo. Safari akakirudisha shingoni. Sikio la kufa halisikii dawa, nikasema moyoni, na nililia njia nzima.

Haikupita miezi mingi. Safari alikuwa kwenye kibanda cha walinzi, kumekucha tayari, malori yakipashwa moto. Akahisi kitu kinamteleza kifuani. Alipoingiza mkono, kichwa cha risasi kilimdondokea kiganjani, na baruti ikamwagika juu ya shati lake. Kilikuwa kimemaliza safari yake. Aliniambia baadaye kwamba alijiona yu uchi. Mtu aliyekuwa haogopi kitu aliacha koti lake kwenye mgongo wa kiti, akachukua redio, akatoka mbio na kujibanza chini ya trela, hata hajui anamkimbia nani.

Alikuwa bado yuko pale chini, geti likasukumwa. Wenye bastola hawakusema neno. Walipiga risasi kwenye dirisha la kibanda, na safari hii hakuna kilichogoma. Nilipofika, koti lilikuwa bado limekaa kitini, limetoboka pale pa moyo. Nilitia kidole tunduni, kikapita mpaka upande wa pili. Safari alikuwa amesimama nyuma yangu, ngumi imefumbwa juu ya kile kichwa cha risasi, na hatukuweza kumfumbua.

Jumapili walimwita tena atoe ushuhuda. Alisimama, akasema, "Niliogopa," akaketi. Hakuna aliyepiga kigelegele.

Kwa mwoga huenda kicheko, mwanangu, na kwa shujaa huenda kilio. Ukiponea kwenye uzembe wa adui, piga magoti ushukuru, lakini usiuvae uzembe wake shingoni ukauita ngao. Kesho atakuja mwingine anayeijua kazi. Mungu akupe mtu wa kukwambia usilotaka kusikia, na akutilie moyoni woga wa kutosha kukuzeesha, ili nawe uwe na wa kumsimulia. Amina.