Ndege ya Matambara ya Otilie Rejzková

Siku Bwana Kamil Tesárek alipokuja kulikagua lile gari, Otilie Rejzková alikataa katakata kubaki ndani ya nyumba. Alisukuma kiti chake cha magurudumu hadi mlangoni mwa banda, akatulia hapo, magongo yake mawili yakiwa mapajani, akawa anamtazama mgeni anavyojipenyeza baina ya rundo la kuni na masanduku ya tufaha.

Aliyemwita mgeni ni Radim, mtoto wa marehemu kaka yake. Radim alikuwa mwalimu wa hesabu mjini Rychnov, mtu mwenye huruma nyingi na subira haba. Alitaka banda livunjwe kabla paa halijamwangukia mtu, na ndani ya banda mlikuwa na kitu kimoja tu kilichomzuia: Velorex ya shangazi yake.

Waliokulia upande ule wa milima, karibu na mpaka wa Poland, walilijua gari hilo kwa jina la utani, ndege ya matambara. Lina magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma. Injini yake ni ya pikipiki. Mwili wake si bati; ni ngozi bandia iliyovutwa juu ya fremu ya mabomba na kufungwa kwa vifungo, kama vile mtu anavyovisha kochi foronya. Lilikuwa gari la maskini na la vilema, na yaliyobaki sasa ni machache hata watu wa mjini wameanza kuyatafuta kwa tochi.

Bwana Kamil alitoka na vumbi hadi kwenye nyusi. Alijua kazi yake, hilo halikuwa na ubishi. Alikuwa ameshafufua magari kadhaa ya namna ile, na kila mwaka ndiye aliyekuwa mwamuzi kwenye maonyesho ya magari ya kale pale uwanjani Rychnov.

"Bi Otilie, nisikufiche," alisema. "Mabomba ya chini yameoza. Ngozi haifai hata kufunikia kuku, na panya wamezaliana kitini. Lakini injini ni yake yenyewe, na mabomba ya juu yote ni mazima. Kulitengeneza kutakula fedha nyingi kuliko thamani yake. Labda likirudishwa vile lilivyotoka kiwandani, hapo angalau litakuwa na heshima."

"Kwani sasa halina?"

"Sasa limeharibiwa. Kuna mtu ameng'oa pedali akachomelea mafimbo, klachi ya mkono, breki ya mkono. Kazi ya mtaani. Nikilinunua, hayo nayakata siku ya kwanza."

Radim, aliyemjua shangazi yake, alirudi nyuma hatua moja.

"Bwana Kamil," alisema Otilie, "hata mimi kiwandani sikutoka hivi. Unishauri basi, nikate nini?"

Mgeni aliona haya, masikio yakamwiva. Alisema hakukusudia ubaya, na kweli hakukusudia. Alitaja bei yake kwa Radim kwa sauti ya chini, akapanda gari lake akaondoka.

Otilie alikuwa na miaka mitano ugonjwa wa kupooza ulipopita kijijini na kumwachia miguu miwili iliyolegea kama kamba. Mama yake alimweka dirishani. Akafundishwa kushona, kwa sababu mshonaji haulizwi miguu. Mashangazi walipokuja siku za Krismasi waliambiana mbele yake, kana kwamba masikio nayo yamepooza, kwamba mtoto huyu dirisha ndilo litakuwa dunia yake. Otilie alikuwa anawasikia na kuzidi kuvuta uzi.

Alipotimiza miaka ishirini na miwili, kaka yake Vincenc, baba wa Radim, fundi wa kuchomelea katika karakana ya matrekta, alimletea ile Velorex, mtumba. Alijifungia nayo majira yote ya baridi. Alipoifungulia mlango, ilikuwa inaendeshwa kwa mikono mitupu. "Haya, toka dirishani," alimwambia. Wiki ya kwanza Otilie alitumbukia kwenye mtaro wa ng'ombe mara nyingi hata ng'ombe wakamzoea. Wiki ya pili alikwenda mjini peke yake na kuomba kazi katika karakana ya glavu, akaipata.

Slávek Rejzek alimwona kwenye dansi ya kijiji. Otilie hakuingia ukumbini; aliegesha nje chini ya dirisha la muziki, na Slávek, mfuga nyuki mwenye haya, alitoka kuvuta sigara akasahau kurudi. Mambo yakanoga hadi mama yake Slávek akajua. Mama huyo alisimama langoni mwake, Otilie akiwa garini mbele yake na watu wakitoka kanisani, akamuuliza mwanawe kwa sauti ya kufika mnarani: "Na huyu ndiye wa kukupikia? Utamlea wewe, au atakulea yeye?"

Injini ya gari lile ina ajabu moja. Ukiizima na kuiwasha kinyume, inazunguka kinyumenyume, na gia zote nne zinafanya kazi kurudi nyuma kama zinavyofanya kwenda mbele. Otilie aliizima. Akaiwasha kinyume. Akaondoka mbele ya lango lile akirudi nyuma, gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, barabara nzima ya kijiji, bila kumwondolea yule mama macho, kuku wakiruka huku na huko na kasisi akikumbatia mti. Slávek alimkimbilia nyuma, tai shingoni, hadi kwenye daraja. Walioana kabla ya mavuno. Na aliyepika alikuwa Slávek, tena kwa miaka thelathini, hadi moyo wake uliposimama akiwa mizingani.

Baada ya hapo gari likaingia bandani, na Otilie akarudi karibu na dirisha bila mtu kumweka.

Jioni ya siku aliyokuja Bwana Kamil, Radim alipasha supu ya kabichi chachu, akakaa mbele ya shangazi yake.

"Shangazi, hebu tuzungumze kama watu wazima. Hesabu haikubali."

"Hesabu haijawahi kunikubali. Endelea."

"Una miaka sitini na sita. Utaliendeshaje?"

"Kwa mikono, kama zamani. Au unahofia miguu? Miguu yangu mipya kabisa, Radim, sijaitumia."

Radim alicheka bila kupenda, akauma mkate kuficha kicheko. "Bwana Kamil analitaka. Ataliweka mahali pazuri, watu walione."

"Atalikata mikono kisha aliweke mahali pazuri. Asante. Hayo nimeshayaona, nami niliwekwa mahali pazuri."

Jumatatu, kwa kuwa Otilie alikataa kuliuza, walimwita Alois, mchomeleaji wa kijiji cha pili, mtu wa maneno machache na tumbo kubwa. Alilala chali chini ya gari, akagongagonga mabomba kwa spana, kutu ikimnyeshea usoni.

"Halistahili," alisema alipotoka.

"Hata kidogo?" aliuliza Otilie.

"Hata kidogo. Mtu mwenye akili angelitupa." Alijipangusa. "Nitakuja kulichukua kesho."

Kazi ya kulitengeneza ilichukua majira yote ya baridi, kwa sababu Alois alifanya pale alipojisikia. Radim alikuwa anapita karakanani kila Jumamosi, mwanzoni kwa kunung'unika, akidai anakwenda kuhakikisha hawaibiwi. Siku moja Alois alimpa ile fimbo ya breki aishike wakati yeye anakata bomba bovu. Shina la fimbo lilikuwa limezungushiwa mpira wa baiskeli, na mpira umechongwa nafasi za vidole, vidole vyembamba vya mwanamke. Kila kiungo kilichomelewa kwa mstari mwembamba, sawasawa, bila donge hata moja.

"Aliyefanya hii alikuwa na mkono," alisema Alois. "Mimi mwenyewe siwezi."

Radim aliigeuzageuza. Baba yake alikufa yeye akiwa bado shule ya msingi. Alichokumbuka kumhusu ni harufu ya moshi wa chuma na koti linaloning'inia. Alikwenda na ile fimbo moja kwa moja hadi kwa shangazi yake, bado kaishika kama mtoto aliyeokota kitu.

"Hukuniambia kuwa ni kazi ya baba."

"Hukuuliza," alisema Otilie. "Mlikuwa mnaliita takataka, nikaona nisimwingize marehemu katika takataka zenu."

Radim alikaa kitako kwenye ngazi. Hakusema neno la hesabu tena. Tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa akimsukuma Alois kuamka.

Ngozi mpya aliishona Otilie mwenyewe. Vidole vilikuwa vimevimba viungo, sindano zikakatika, na mara mbili alifumua ubavu mzima kwa sababu ulikaa kombo. Bwana Kamil alipiga simu kuuliza habari, akasema, kwa nia njema, kwamba rangi za asili zilikuwa chache na inafaa kuzifuata. Otilie alimshukuru kwa adabu. Kisha akaagiza ngozi ya manjano, manjano ya kiini cha yai, ya kuumiza macho.

Mwezi wa Mei alitoka nalo kwa mara ya kwanza, Radim ubavuni, magoti yake kidevuni. Lilipofika katikati ya kilima cha kanisa likakohoa, likatoa moshi wa buluu, likafa. Jirani yake Hedvika, aliyekuwa akifua mashuka, aliegemea ua.

"Otilie! Hata mbuzi wangu anakipanda hicho kilima!"

"Mlete basi, Hedvika, anisukume! Wewe mwenyewe sikuombi, naujua mgongo wako!"

Radim alitoa plagi ya injini, akaifuta kwa leso, akairudisha. Gari likanguruma. Hedvika alipiga makofi kwa mikono yenye povu, naye hakujua anamshangilia nani.

Siku ya maonyesho Otilie alifika uwanjani Rychnov akiwa peke yake. Radim alikuwa ametangulia kwa basi. Kijana wa langoni alimwambia magari yaliyobadilishwa yanapangwa nyuma ya ghala la bia. Otilie alimsikiliza hadi mwisho, akatia gia, akaenda kuegesha mstari wa mbele, kati ya magari mawili meusi yaliyong'aa kama viatu vya harusi.

Bwana Kamil alikuja mbio, tai imepeperuka.

"Bi Otilie, kuna utaratibu. Kwa mafimbo hayo na rangi hiyo siwezi kukupa hata alama moja."

"Sikuja kuomba alama. Nimekuja kuegesha."

"Na nikikuomba uondoke?"

"Niombe. Halafu unisukume, hapa mbele za watu wote."

Watu walishaanza kukusanyika. Kamil aliwatazama watu, akatazama manjano ile, akainama dirishani. Alichungulia mafimbo kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia.

"Aliyechomelea..." alisema.

"Kaka yangu."

"Mkono mzuri," alikiri, kwa tabu, kama mtu anayeng'olewa jino. Aliondoka bila kumpa alama, lakini hakumhamisha.

Otilie hakupata zawadi. Zawadi ilikwenda kwa moja ya yale magari meusi, nalo lilistahili. Alasiri Radim alirudi kwa basi, akamsubiri njia panda ya kijiji wafike nyumbani pamoja, akasubiri hadi maandazi ya mbegu za mpopi aliyomnunulia yakapoa. Jua lilikuwa linashuka simu yake ilipolia.

"Uko wapi, shangazi? Nimekaribia kuwaita polisi!"

"Poland," alisema Otilie, na nyuma ya sauti yake injini ilikuwa inapiga kelele za raha. "Nilikata kushoto pale milimani badala ya kulia. Nikifika dukani nitanunua uzi, huku uzi wao mzuri. Wewe kula, usinisubiri."