Mwandika makasha anayeomba kuitwa ajizi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Marhoon bin Khalfan ameshamaliza makasha kumi na mawili. Anachovya brashi katika kopo la rangi nyeusi, anaipangusa ukingoni, kisha anaandika jina la mwenye mzigo kwa herufi za Kiarabu, na chini yake kwa herufi za Kizungu. Hafuti wala harudii. Wapagazi wawili wamesimama kumtazama mpaka wakumbuke kuwa nao wana kazi.

"Mtazame vizuri sasa," anasema Sheikh Thani, msimamizi wa ghala hili lililo nyuma ya soko la Mutrah, Omani. "Halafu rudi saa saba. Utadhani ni mtu mwengine."

Saa saba Marhoon ameketi juu ya gunia la mchele. Kope zimemwangukia, mkono wa kulia umelala mapajani. Kasha lililo mbele yake lina herufi nne tu, na ya nne imeteremka mpaka chini ya ubao. Asubuhi ameandika makasha hamsini na nane. Tangu adhuhuri, manne.

Marhoon ana miaka thelathini na sita. Unguja alikuwa akiandika mabango ya maduka, na wenye maduka walikuwa wakimgombania. Aliingia Mutrah miaka sita iliyopita, mwaka 1964, pamoja na mkewe Mahfoudha, masanduku mawili, na brashi sita zilizofungwa ndani ya kanga. Maradhi yalimwanza miaka mitatu baadaye.

"Mwanzo nikiona makasha mawili penye moja," anasema. "Nikadhani jua hilo. Halafu kope zikawa hazikai juu. Hata kula, nikifika nusu ya sahani taya lishachoka. Nikijinyoosha kidogo nnarudi mzima. Na hapo ndipo watu wanaposema, ah, huyu mvivu tu!"

Daktari mmoja Mhindi alimweleza kuwa nyama za mwili wake hulegea kwa kadiri zinavyotumika, na kwamba ni ugonjwa wa kudumu. Yeye mwenyewe, katika utabibu wake wote, alikuwa amemwona mgonjwa mmoja mwengine tu. Alimwandikia vidonge na jina la ugonjwa kwenye kikaratasi. Marhoon anacho mpaka leo, ila jina lenyewe hajaweza kulitamka.

Kinachomhangaisha sasa ni karatasi nyengine. Mwenye ghala amesema Marhoon akileta cheti cha serikali kwamba ana maradhi ya kudumu, atamwacha afanye kazi asubuhi peke yake. Asipoleta, mwisho wa Disemba hii kazi atapewa mtu mwengine. Zimebaki wiki mbili.

Ofisi inayosikiliza mambo ya wafanyakazi imefunguliwa Maskati miezi michache tu iliyopita, na hufungwa adhuhuri. Karani wake, Bakhit bin Said, ana orodha ya wanaostahiki cheti: vipofu, viwete, na waliokatika kiungo. Ugonjwa wa Marhoon haumo.

Mara ya kwanza Marhoon aliandika ombi lake baada ya sala ya alfajiri, kwa mwandiko wake bora kabisa. Hapo ndipo alipojiponza.

"Bakhit akawaita wenziwe, wakapitishiana barua yangu kama picha ya harusi," anasimulia. "Halafu akanambia, mkono huu ndio mgonjwa? Na mimi nimesimama mbele yake saa tatu asubuhi, mzima kama yeye."

Bakhit hafichi. "Nimwandike nini?" anauliza kwa Kiarabu. "Kipofu? Amenisomea tangazo lililo ukutani. Kiwete? Amepanda ngazi mbele yangu."

Alipokwenda mara ya pili, Bakhit alimhurumia. Akamwambia kuna neno moja la kisheria linaloweza kumfaa: ajiz. Aandike ombi upya, aliweke neno hilo chini ya jina lake. Marhoon alichukua karatasi yake akatoka bila kuaga.

Kwa Kiarabu cha ofisini, ajiz ni mtu asiyeweza. Kwa Kiswahili, ajizi ni uvivu, na wengi wetu tumeamshwa kitandani kwa neno hilo.

"Miaka mitatu nnasemwa ajizi ghalani, ajizi barazani, mpaka kwa mashemeji," anasema Marhoon. "Nnakwenda kutafuta haki yangu, nnaambiwa niandike kwa mkono wangu kwamba mimi ajizi!"

Siku tisa hakurudi ofisini. Inauma kumsikiliza, maana tusi na haki yake vimekuja kwa neno moja.

Mahfoudha, anayesomesha watoto Kurani nyumbani, ndiye aliyemtuliza. "Nilimwambia, Baba Aliya, hawa wanasema huwezi. Hawajasema hutaki. Na nikamwambia jambo jengine: barua hii usiiandike asubuhi."

Jumamosi, saa tisa alasiri, Marhoon ametoka kazini na amekaa sakafuni, karatasi juu ya kifuniko cha sanduku. Mstari wa kwanza umenyooka. Wa tatu unateremka. Kwenye wa tano anainua kope kwa kidole cha mkono wa kushoto ili aone anapoandika. Anafika kwenye jina lake, kisha neno lile. Kalamu inamponyoka. Mahfoudha hamsaidii. Marhoon anaiokota, anaandika ajiz, herufi nne zinazoegemeana, na wino unadondoka pembeni.

Mistari saba imemchukua dakika arubaini. Ananyoosha mkono achukue karatasi nyengine aanze upya, Mahfoudha anaizuia kwa kiganja.

"Wacha hivyo hivyo."

"Barua mbovu kama hii sijapata kuandika tangu niko mtoto chuoni," anasema Marhoon kwa sauti iliyokwisha kulegea. "Jumatatu nitampelekea Bakhit. Akinipa cheti, nitafanya kazi yangu asubuhi, na mchana nitalala bila ya kusemwa. Na jambo la kwanza nitamwandikia barua nyengine, safi, baada ya alfajiri, hii aichome."

"Thubutu!" anasema Mahfoudha, akiifungia barua kabatini. "Mwandikie moja tu nzuri, uone kama hatauliza tena mgonjwa ni nani."