Maoni Niliyoshindwa Kuweka Chini ya Tanzia ya Mwalimu

Ndugu yangu wa kuambiana yote, hili nakuletea wewe maana nimeshindwa kulipeleka lilikotakiwa.

Mwalimu wangu wa masomo ya jioni hapa Kilosa alifariki Mikumi, kwa binti yake. Sikumzika. Mvua zilikuwa zimekata barabara. Blogu moja ya watu wa huko ikaweka tanzia na picha yake, na chini mtu akaandika, "Huyu alikuwa anafukuza darasani akina mama wenye watoto."

Binti yake akanipigia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Umeona walichomwandikia mama? Mimi nikijibu watasema namtetea. Wewe ulikuwepo dada. Andika, wanangu wanaisoma hiyo."

Nilikuwepo kweli. Nilirudi kusoma nikiwa mtu mzima, mwanangu wa mwisho mgongoni. Siku ya mtihani wa hesabu alilia mpaka kalamu ikanishinda. Mwalimu akamchukua, akamfunga kwa kanga yake, akazunguka naye uwanjani mpaka nikamaliza.

Hayo tu ndiyo niliyotaka kuandika. Nikaandika, nikabonyeza tuma. Ikaniambia niingie kwanza. Kuingia mpaka ujisajili. Kujisajili mpaka barua pepe, nami sina. Nikaenda steshenari, dada wa pale akanifungulia barua pepe. Akaweka namba yake ya simu, kwa sababu yangu siku hiyo ilikuwa haishiki mtandao. Likaja suala la nywila: herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, na alama. Nikamtajia mstari wa zaburi.

"Mama, hiyo ndefu, hata Mungu ataisahau."

"Mungu hasahau. Andika."

Ikakataliwa. Tukatunga nyingine, nikaiandika nyuma ya kitabu changu cha nyimbo, kitu ambacho sijawahi kupoteza. Kabla sijatuma maoni, umeme ukakatika.

Kesho yake jirani yetu akafiwa. Kanisani kwetu, pakiwa na msiba, kila mwenye kitabu cha nyimbo anakipeleka kwa wafiwa waimbie, na hakidaiwi mpaka matanga yaanuliwe. Nikapeleka changu bila kufikiri. Jioni nikafungua blogu kwenye simu, ikataka nywila. Nikabonyeza kwamba nimesahau, namba za kuthibitisha zikaenda kwenye simu ya yule dada wa steshenari. Yeye alikuwa ameshaondoka kwenda Magole kuvuna mpunga, na simu yake haipatikani.

Ungeniambia nende msibani nikafunue kitabu. Nilikwenda. Nilikaa mkekani na wenzangu, kitabu kiko mikononi mwa mjane, analia juu yake. Nikaona aibu kukiomba. Nikarudi nyumbani nikaomba Mungu anifungulie njia nyingine, haikufunguka.

Matanga yalipoanuliwa nikarudishiwa kitabu. Nikaingiza nywila, ikakubali. Sasa ikataka nithibitishe kwamba mimi ni binadamu, nichague picha zote zenye taa za kuongozea magari. Mimi nikachagua nguzo za umeme. Mara tatu nikaambiwa nimekosea, mara ya nne ikaniachia. Nikashuka chini ya tanzia, pale pa kuandikia. Pameandikwa kwamba maoni yamefungwa.

Yale maneno mabaya bado yapo palepale juu.

Nikampigia binti wa mwalimu nikamweleza.

"Basi dada," akasema. "Umejitahidi."

Tangu hapo hajanipigia, na mimi naogopa kumpigia. Simlaumu. Aliniomba kitu kimoja, watoto wake wamjue bibi yao alivyokuwa, na mimi nilikuwa na jibu mkononi nikashindwa kulifikisha.

Kwa hiyo nimeliandika hapa, pasipohitaji nywila. Mwalimu hakufukuza mama mwenye mtoto. Wangu alimbeba mwenyewe, juani. Ukikutana na mtu wa Mikumi, au yeyote aliyeisoma ile tanzia, msimulie hivyo, na umwombe naye amsimulie mwenzake, mpaka liwafikie wale wajukuu.