Mashine Isiyojua Kunyamaza

Kazi ya kuandika wasifu wa marehemu sikuiomba. Nilikuwa mpiga chapa wa halmashauri ya jiji, nikastaafu nikiwa bado naishi hapa mtaa wa Jericho, Nairobi, na watu wakaamua kwamba mtu aliyepiga chapa barua za wakubwa maisha yake yote hawezi kushindwa na ukurasa mmoja wa msiba. Tangu hapo, mtu akifa kuanzia kwetu hadi Makongeni, nitabishiwa hodi matanga hata hayajapoa. Nakaribisha, nauliza, naandika. Wasifu una mpangilio wake na kila mtu anaujua: kuzaliwa, ubatizo, masomo, ndoa, kazi, ugonjwa, kifo. Ukizusha mpangilio wako watu wataguna hapo hapo kaburini.

Tena kuna jambo lisilosemwa. Penye aibu panaachwa wazi. Kama marehemu aliwahi kufungwa, miaka hiyo inarukwa kimyakimya. Kama ndoa ilivunjika, unataja watoto na kwenda mbele. Msomaji akifika hapo anavuta pumzi, waombolezaji wanatazama viatu vyao, mambo yanaendelea. Mtaani kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa maana ya pengo la namna hiyo.

Basi binti yangu, ambaye anafanya kazi ofisini mjini na ana huruma ya kuamrisha watu, akaniona nikikanda vidole vyangu vya baridi yabisi. Akachukua simu yangu bila ruhusa, akaniwekea kitu kinachoitwa redioni akili mnemba.

"Mama, usiandike tena kwa mkono. Wewe ongea tu, hii itakuandikia."

"Inaongea Kiswahili cha nani?"

"Jaribu uone."

Nikaijaribu kwa lugha ya hapa nje. Nikaiambia, "Niaje." Ikanijibu kwa Sheng nzito, maneno mengine ya vijana wa Huruma na mengine ya enzi za kaka zangu, yote kwenye sufuria moja, kama mgombea udiwani aliyekuja kuomba kura. Nikaiambia iache. Nikaiuliza jinsi ya kuondoa mchanga kwenye omena, dagaa wa ziwani. Ikaanza kwa kusema kwamba hilo lilikuwa swali zuri sana. Nani ameiuliza kama swali langu ni zuri? Mimi si mtu wa kubembelezwa. Lakini jibu lenyewe halikuwa baya, nikaisamehe.

Kisha nikaiuliza juu ya mtaa wangu. Ikanieleza vizuri kabisa, kwa sentensi zilizonyooka, habari za kanisa ambalo halipo na uwanja ambao haujawahi kuwapo. Nikamwonyesha binti yangu.

"Ndiyo, wakati mwingine inatunga," akasema, bila haya. "Ikikosa jibu haipendi kusema sijui."

"Kama mjomba wako."

"Kama mjomba. Kwa hivyo unasikiliza, halafu unahakiki. Na uieleze unachotaka, ni kwa ajili ya nani, kiwe kirefu kiasi gani. Usiipe namba ya kitambulisho wala siri za watu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu yote. Akavaa viatu, akaenda zake.

Haukupita muda, jirani wa mlango wa pili akafariki. Alikuwa dereva wa halmashauri kabla ya kustaafu, mtu wa magharibi mwa Kenya, mkimya, na moyo wake ulikuwa umechoka siku nyingi. Mkewe ni mdogo wangu kwa umri na huniita dada. Asubuhi aliyofariki, mama muuza sukuma wiki wa pale langoni alimwona mke huyo akitoka na kikapu, na aliporudi tukasikia ukemi.

Jioni ya kwanza ya matanga alifika mdogo wa marehemu kutoka nyumbani kwao. Hakuketi. Alisimama katikati ya watu akauliza, "Ndugu yangu alifia mikononi mwa nani?" Mjane akainamisha kichwa. Kuanzia hapo ikawa ndiyo habari, kwamba mwanamke alimwacha mgonjwa akaenda kwenye mambo yake. Kesho yake tukasikia imeamuliwa kwamba siku ya mazishi hatakaa karibu na jeneza pamoja na wenye msiba. Atakaa kwenye hema la wageni. Mke wa ndoa ya kanisani, aliyemuuguza mtu hadi akamnawisha kwa mikono yake, akae na wageni! Niliwaka, lakini msiba haukuwa wa kwetu, na mimi ni Mkamba, ningeambiwa nirudi Machakos.

Kwa hivyo nilifanya nililoweza. Nikaketi na simu nikaisimulia mashine maisha ya marehemu, nikifuata mpangilio. Nilipofika kwenye kifo, nilifanya nilivyofanya siku zote. Nikataja mwezi, nikaacha pengo. Nikabonyeza.

Ikaandika ukurasa safi, nikiri hivyo. Sentensi zilipangwa kuliko zangu. Desturi yangu ni kumsomea mwenye msiba kabla karatasi haijaenda saiba, duka la kompyuta, kuchapwa, kwa hivyo nikamwita mjane jikoni kwangu, nikafunga mlango, nikamsomea. Nilikuwa sijasoma mwisho mwenyewe, kosa la mwanafunzi wa siku za kwanza. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba marehemu alifariki kwa amani, akiwa mikononi mwa mke wake mpendwa, aliyekuwa akimwimbia wimbo alioupenda.

Nikasita. Yeye alikuwa ameshika mdomo, machozi yanamchuruzika.

"Iache," akasema.

"Niache nini?"

"Hiyo ya mikononi. Iache hivyo hivyo, dada."

"Mdogo wangu, haikuwa hivyo."

"Najua. Lakini ikichapwa itakuwa imechapwa. Nitakaa na mume wangu."

Nilitamani kuiacha. Nilimwonea huruma. Sentensi ilikuwa nzuri, na mimi ningesingizia simu. Lakini mama wa sukuma ameona, mtaa mzima umesikia ukemi, na yule mdogo wa marehemu alikuwa amepita nyumba hadi nyumba akiuliza. Angesimama mbele ya jeneza aseme ni uongo, na mjane asingekosa kiti tu, angekosa hata pa kuuficha uso. Nikamweleza hivyo. Akasema basi niache pengo kama kawaida. Nikamwambia pengo safari hii wameshalijaza wao.

Hasira zangu nikazihamishia kwenye simu. Nikaiuliza kwa ukali, hiyo habari ya mikononi umeitoa wapi? Ikaomba radhi mara moja, kwa adabu nyingi kuliko binti yangu. Ikasema sikuwa nimeieleza jinsi alivyofariki, kwa hivyo iliongeza maelezo ili kukamilisha wasifu, na haikupaswa kufanya hivyo. Ndipo nikaelewa. Kimya changu, ambacho jirani yeyote angekiheshimu, kwake kilikuwa nafasi tupu ya kujazwa. Chini ya radhi hiyo ikauliza: Je, ungependa kunieleza ni nini hasa kilichotokea asubuhi hiyo?

Mjane aliisoma juu ya bega langu. Swali hilo shemeji yake alikuwa ameliuliza kama hakimu. Mimi, kwa adabu zangu, sikuwa nimeliuliza kabisa. Akanyoosha mkono akaichukua simu.

Akaongea nayo polepole, jinsi mtu anavyoongea na daktari. Akasema mumewe alikuwa amekataa chakula siku kadhaa, hata uji. Asubuhi hiyo alimwosha, akambadilisha shati, na mzee akafungua macho akasema anasikia hamu ya ndizi mbivu, zile ndogo za kisukari. "Nilifurahi," akasema. "Nilifurahi kama mjinga. Nikasema leo anakula. Nikachukua kikapu nikakimbia sokoni, nikachagua zile zisizo na doa. Nikarudi nikamkuta amegeukia ukutani."

Nikaacha sufuria iungue.

Mashine ikaandika. Ikaweka ndizi, ikaweka shati, halafu ikatia upendo usio na kifani na malaika. Nikaiambia iondoe malaika. Ikaondoa malaika ikaleta machweo. Nikaiambia: andika alichosema mwenyewe, kwa maneno ya kawaida, usiongeze kitu ambacho hujaambiwa. Hapo ikatulia. Hiyo sentensi ya mwisho sasa ndiyo ninayoanza nayo kila mara, na wanawake wenzangu wa kanisani wanaokuja niwafundishe simu zao, nawafundisha hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

"Wakisomewa hivi," mjane akaniuliza, "si watasema nilikuwa sokoni mume wangu akifa?"

"Watasema. Hata sasa wanasema."

Akakaa. Akafuta uso kwa leso. "Chapa ndizi," akasema.

Tukasafiri na mwili hadi kwao. Uwanja ulikuwa umejaa, mahema mawili, na kama ilivyoamuliwa, mjane akaelekezwa kwenye hema la wageni. Nikaketi naye. Mama mzazi wa marehemu alikuwa kwenye benchi kando ya jeneza, amejifunga kitambaa cheusi, na katika muda wote huo hakuwa amesema neno na mtu.

Wasifu ulisomwa na yule yule mdogo wa marehemu, maana ndiye aliyechaguliwa na familia. Kando yake alisimama mfasiri na kipaza sauti cha pili, akigeuza kila sentensi kwa lugha ya kwao. Alisoma kuzaliwa, ubatizo, masomo, udereva. Alipofika mwisho sauti ikapungua, nikaona macho yake yanatangulia mbele kuona kuna nini. Akasoma hata hivyo. Akasoma kwamba asubuhi hiyo ndugu yake alimtuma mkewe ndizi mbivu, akaenda, na aliporudi akamkuta ameaga dunia. Hemani watu wakaanza kunong'onezana. Mwanamke mmoja mbele yetu akageuka kutuangalia vizuri.

Mama mzee akainua mkono.

"Rudia hapo," akasema.

Akarudia. Mfasiri naye akarudia.

"Alimtuma?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

Mama mzee akatikisa kichwa kwa muda. Kisha akazungumza, na mfasiri akatugeuzia sisi wa Nairobi, kwa sauti ya chini. "Huyu mtoto akizidiwa alikuwa anatuma mtu. Tangu mdogo. Homa ikipanda ananiambia, mama, naomba maji ya kisimani, si haya ya mtungi. Naenda. Nikirudi nakuta ametapika, amejipangusa, amelala. Hakutaka umwone akiteseka."

Mdogo wa marehemu alikuwa ameishikilia karatasi kifuani, haisomi wala haikunji. Mama mzee akasogea kwenye benchi lake, akapiga pale palipobaki kwa kiganja, akamwita mkwewe kwa jina la ndoa, mbele ya watu wote.

Mjane aliinuka. Nilimsindikiza hadi katikati ya uwanja, kisha nikamwachia aende peke yake. Akaketi kando ya jeneza, akaegemea bega la yule mama, na sote tukamsikia akilia kwa sauti, "Nilichelewa, mama. Nilichelewa."

"Hukuchelewa," mama mzee akasema, kwa Kiswahili safari hii. "Alikuwa amekutuma."